Fundi, hiyo mashine ni ya biti 64!

Jirani yangu hapa Sakina, Arusha, kaniletea laptop iliyotoka kwa fundi mjini. Prosesa yake ni Intel Core 2 Duo, RAM ya GB 4, imewekewa Debian, moja ya mifumo ya Linux. Naiwasha, RAM inayoonekana ni kama GB 3. Naandika `uname -m`, inanijibu i686, yaani kerneli (kiini cha mfumo) ni ya biti 32. Namuuliza kulikoni. "Fundi kasema ni ya zamani, kwa hiyo ya biti 32 itakuwa nyepesi."

Zamani ya lini, jamani? AMD walileta biti 64 kwenye prosesa za x86, yaani hizi za PC za kawaida, mwaka 2003, Intel wakafuata mwaka uliofuata, na Core 2 zilipotoka 2006 zote zilikuwa nazo tayari. Mitumba mingi inayopangwa kwenye maduka ya Arusha na Moshi leo ni ya baadaye zaidi ya hapo. Halafu kuna wanaoruka faili la amd64, ambalo ndilo la biti 64, kwa sababu laptop ina stika ya Intel. La Intel ndilo hilohilo!

Mimi nadhani wepesi ni kisingizio tu. Fundi ana flashi moja, na ndani yake kuna mfumo wa biti 32 kwa kuwa unawaka karibu kwenye kila mashine. Ana foleni ya wateja, bando analihesabu. Haya, namwelewa. Ila anayebaki na hasara ni mteja. Kerneli ya biti 32 isiyo na PAE, mbinu ya kuifikia RAM inayozidi GB 4, haiwezi kuitumia hiyo RAM yote. Yenye PAE inaweza, hadi GB 64, lakini programu moja bado inaishia GB 3. Chrome waliachana na Linux ya biti 32 tangu 2016. Na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32 kwa PC hizi. Kwa hiyo mama wa watu kalipia mfumo ambao toleo lijalo hauwezi kuhamia, kwenye mashine isiyo na kasoro yoyote!

Na kujua ni kazi ya sekunde moja. Andika `lscpu`, tazama mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiona 64-bit, hakuna mjadala, weka amd64.

Sawa, zile laptop ndogo za Atom N270 ni biti 32 tupu, na Pentium M pia. Mashine ya RAM GB 1 nayo itapumua kidogo ukiiwekea 32. Hizo ziacheni na 32.

Nyie vijana wa Moshi mnaohangaika na kerneli za "v3", zilizoundwa kwa ajili ya prosesa mpya zenye amri za ziada kama AVX, tulieni. Msimbo wa kawaida wa kerneli huundwa bila AVX. Panapohitajika, kama kwenye RAID6 (kuunganisha diski kadhaa ili data isipotee), kerneli hujipima yenyewe inapowaka na kuchagua njia ya kasi zaidi. Mkiiweka hiyo v3 kwenye Core 2, inaweza isiwake kabisa.

Aliyekwisha kuwekewa 32 kwenye Debian 12 asikimbilie kufuta kila kitu. Kama root (msimamizi wa mfumo), andika `dpkg --add-architecture amd64`, kisha `apt update`, halafu `apt install linux-image-amd64:amd64`. Zima, washa kwa kerneli hiyo mpya. Kerneli inakuwa ya biti 64, programu zinabaki zilivyo, na RAM yote inaweza kuonekana. Na bando linaloliwa ni dogo mno kuliko la kupakua mfumo mzima, fundi, kama shida ilikuwa hiyo.