Kwa nini madereva wa malori hawakai kwa tajiri

Matajiri wa malori, yaani wenye magari, wakikutana, lalamiko ni lile lile: madereva wa siku hizi hawakai. Unampa mtu gari, anaizoea njia ya Kongo, tripu chache baadaye anarudisha funguo na kuhamia kwa jirani. Wanasema ni tamaa, ni ujana. Mimi nasema ni posho.

Anayetoka Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi anatembea karibu kilomita 2,000 kabla ya kushusha. Anapita mizani ya Vigwaza na Mikese, anapanda mlima Kitonga wenye kona kali, anapita Makambako na Mbeya, anavuka mpaka wa Tunduma, kisha anaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Mshahara wake wa kwenye makaratasi, kama upo, mara nyingi ni mdogo kiasi kwamba wenyewe hawautaji. Ukiuliza kampuni fulani inalipaje, utajibiwa kwa posho: wanatoa kiasi gani kwa tripu. Humo humo dereva anakula, analala, analipa maegesho na mlinzi, anaziba pancha, anamkatia kidogo utingo. Kitakachobaki ndicho kinachokwenda nyumbani.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyomgeuka. Posho ni ya tripu, si ya siku. Foleni ya Tunduma ikitembea, amepata. Ikigoma wiki nzima, kila siku anayolala pale anakula kile ambacho kingekuwa ada ya mtoto. Na ucheleweshaji wenyewe si wake. Ni wa forodha, ni wa wakala ambaye hajamaliza karatasi, ni wa mteja asiye na nafasi ya kushushia. Wote hao wanalipwa mwisho wa mwezi kama kawaida. Anayelipia ni dereva, ambaye hana uwezo wa kuharakisha chochote. Gari likiingia gereji, basi tena, hana kitu. Mtu wa namna hiyo gari lake likisimama atatafuta linalotembea, na sioni kwa nini aitwe msaliti.

Wapo wanaofidia kwa kunyonya mafuta au kupakia abiria njiani. Siwatetei hata kidogo. Dizeli ya mtu ni mali ya mtu, na abiria akifia ndani ya lori hakuna atakayemjibu mama yake. Lakini matajiri wengi walilijua hilo kwa miaka, na walipanga malipo wakiwa wanalijua. Zilipokuja GPS na vipimo vya tenki mwanya ukazibwa, jambo ambalo ni haki yao. Ila walioziba mwanya walipaswa siku hiyo hiyo kukaa na kupanga mshahara upya. Wachache walifanya hivyo.

Hasara iliyo kubwa zaidi haionekani barabarani. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile asilimia 20 ambayo dereva na mwajiri wanaigawana, inapigwa kwa mshahara ulioandikwa. Malipo ya kuachishwa kazi, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho ni miaka kumi. Mwenye mshahara mdogo wa msingi na posho nene akimaliza miaka hiyo kumi, anaondoka na siku 70 za ule mdogo. Posho iliyomlisha muda wote huo haihesabiki. Mgongo umekwisha, macho yamechoka na taa za usiku, na karatasi inasema alikuwa mtu wa kipato cha chini kabisa.

Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa mtu atakayefanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano uwe wa maandishi. Dereva wa Zambia na Kongo ni huyo hasa. Hata hivyo, Aprili na Mei 2015 madereva walipogoma, wa mabasi na wa malori, suala la mikataba lilikuwa miongoni mwa madai yao. Leo bado unakutana na mtu anayevuka mipaka miwili bila karatasi hata moja inayotaja mshahara wake.

Ndipo wengi wanapoanza kuota gari lao. Naielewa ndoto hiyo, na naiheshimu. Lakini wanaokimbia mkataba mbovu kwa kukopa lori moja, nawaomba wakae chini na kalamu kwanza. Lori lililobeba hula kama lita moja kwa kila kilomita mbili. Kwenda Lubumbashi tu ni lita 1,000. Tuchukulie dizeli ni shilingi 2,800, hiyo ni milioni 2.8 kabla hujafikiria kurudi. Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu vina matairi 22, bila spea. Weka bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), tozo za barabara Zambia na Kongo. Mzigo wenyewe umeupata kwa dalali, naye amekata chake. Unapewa fedha ya kuanzia, salio linasubiri karatasi za kushushia zirudi, halafu unaambiwa siku 30, mara siku 60. Benki haisubiri. Kampuni yenye magari hamsini ikiharibikiwa injini moja, arobaini na tisa yanaendelea kuzalisha. Wewe ikifa injini Serenje, kule Zambia, biashara yote imelala Serenje.

Niliowaona wakisimama na gari moja walikuwa na vitu viwili: mteja wao wenyewe, bila dalali katikati, na akiba ya kupiga tripu mbili kabla hawajalipwa hata shilingi. Asiye navyo, kwa maoni yangu, abaki ameajiriwa na apiganie mshahara. Tajiri akikuuzia gari lake kwa kukukata kila tripu, uliza nani anatengeneza likiharibika, na kadi ya gari itabadilishwa jina lini.

Kwa matajiri nina ombi moja. Hamishieni sehemu nzuri ya posho kwenye mshahara, kisha siku za foleni zilipwe kwa siku. Gharama itapanda, ndiyo, lakini mnazilipa gharama hizo hata sasa, kila mnapomkabidhi gari dereva mgeni asiyejua kona za Kitonga.

Na kwako ndugu yangu dereva, kabla hujachukua funguo, omba mkataba na uangalie mstari wa mshahara wa msingi. Hasara ikitokea na ikathibitika ni kosa lako, sheria hairuhusu makato kuzidi robo ya ujira wako, na lazima kwanza upewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Ukiletewa karatasi ya kukubali makato ya hasara ambayo haijatokea, usiisaini.