Kobe Anatunga Sheria Kwangu

Wahenga walisema usimwone kobe kainama, anatunga sheria. Nilidhani ni maneno tu, mpaka kobe wa shangazi yake mama watoto alipohamia kwangu hapa Lanet, Nakuru.

Shangazi amehamia ghorofani, hana tena uwanja, akatuachia mnyama na karatasi zake zote, kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, kikiwemo. Kobe ana makaratasi safi kabisa. Mimi kitambulisho changu hata picha imefutika.

Sheria ya kwanza: asisumbuliwe, bado anazoea. Redio ipunguzwe, mbwa afungwe, watoto wasimshikeshike. Mwenyewe kajichimbia kwenye sanduku nililomjengea, hatoki, hali, na nyumba nzima imejaa wasiwasi. Eti ni kawaida kobe akihamishwa, apewe muda. Sawa. Mimi nilipotoka Butere kuja Nakuru nani alinipa muda? Asubuhi yake nilikuwa nabeba magunia sokoni Wakulima!

Chakula nacho. Nilifikiri namtupia kipande cha mkate, au ugali uliolala. Weee! "Baba, unataka kumuua?" Mkate hapana, ugali hapana, maziwa usiyataje. Bwana mkubwa anataka nyasi, magugu na yale maua mekundu kwenye ua wa jirani, ambayo mimi ndiye natumwa kuyachuma kabla jirani hajaamka. Halafu anasagiwa maganda ya mayai ili gamba liwe gumu. Mayai yenyewe sijui yalipitia wapi.

Subiri nikwambie ya kuoga. Baridi hii ya Julai mimi naoga maji ya mfereji, kobe anapashiwa maji kwa gesi. Yawe vuguvugu, yasipite kidevu chake. Karai ni langu la kunawia miguu. Anawekwa humo, ananyoosha shingo, anafumba macho, anapiga maji funda kadhaa taratibu, kisha, bila haraka wala haya, anaachilia mzigo. Watoto wakapiga makofi. Mama watoto akasema ni dalili nzuri, tumbo linafanya kazi. Mimi nikikaa chooni kidogo tu, mlango unagongwa.

Alipoanza kutoka nje ikawa balaa jingine. Ua wetu ni wa waya, na kobe akiona ng'ambo hajui kwamba kuna kizuizi, basi anasukuma kichwa pale pale kutwa nzima. Dawa ni kuziba sehemu ya chini asione nje. Mabati niliyonunulia banda la kuku yakaenda huko. Kuku wananyeshewa, wananitazama.

Na usidhani ni jambo la kupita. Hawa kobe wa madoa kama wetu wanaweza kufika miaka hamsini na zaidi. Kule kisiwa cha St Helena kuna mmoja wa aina ya wale wakubwa, Jonathan, anayekadiriwa kuanguliwa mwaka 1832, miaka mingi kabla reli haijafika Nakuru! Mama watoto ameshaanza kujadili huyu wetu atarithiwa na nani. Shamba langu la Butere hakuna aliyewahi kuliulizia.

Jana nimerudi nimechoka, nikafunua sufuria, nikakuta sukuma mbichi imekatwa vizuri, ikanitoa mate. Kabla sijawasha jiko nikasikia sauti kutoka chumbani:

"Baba, hiyo usiguse, ni ya kobe, anapewa mara moja moja. Wewe kuna ugali."

"Na mboga?"

"Kobe akibakisha."