Kabla hujanunua .45-70, kauone kwanza msitu utakaowinda

Majani ya huku Maine, Marekani, yakianza kuwa mekundu, maswali huanza kunifikia kutoka kwa ndugu zetu wa Lewiston na Portland, Wakongomani, Warundi na hata Watanzania wachache waliohamia huku. Kaka, nataka kuwinda, ninunue bunduki gani? Wengi wanakuwa wameshajijibu kabla ya kuuliza. Wanataka bunduki ya wenzo, ile ya kwenye sinema za kauboi, na wanataka iwe ya .45-70, risasi nene ya zamani, kwa sababu kuna jamaa YouTube kaipasulia matofali. La kwanza nawaunga mkono. La pili nalipinga kila mwaka, na mwaka huu nimeona bora niliandike.

Kwa asiyeijua, wenzo ni ule mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, unaopitisha vidole ndani yake. Ukiusukuma chini, ganda lililokwisha kutumika linaruka nje na nyundo inajikoki. Ukiurudisha juu, risasi mpya inaingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapofyatuliwa. Yote hayo unayafanya kitako kikiwa bado begani. Bunduki yenyewe ni nyembamba, haina magazini inayochomoza kwa chini, na unaweza kuishika katikati kwa mkono mmoja ukatembea nayo kutwa. John Moses Browning, mbunifu wa bunduki wa Marekani, aliibuni Winchester 1894 kwa umbo hilo, na mwaka uliofuata ikaja .30-30, mojawapo ya risasi za kwanza za kuwindia Marekani kutumia baruti isiyo na moshi. Marlin 336 ya mwaka 1948 ilifuata njia hiyohiyo. Ukiingia nyumba ya mzee yeyote wa kijijini huku, huenda moja ya hizo mbili imesimama kabatini.

Sababu yake ni msitu. Huku si Serengeti. Ni misonobari iliyosongamana, vinamasi, na mashina yaliyoanguka. Kulungu wa mkia mweupe anajitokeza kati ya miti miwili, mita 40 au 60 mbele yako, anakaa kidogo kisha hayupo. Kwa umbali huo .30-30 inatosha na kubaki. Kichwa cha risasi cha greni 170, yaani takriban gramu 11, kinatoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 670 kwa sekunde. Kulungu wa kilo 80 aliyepigwa hapo kwenye mapafu hatakaa aulize kaliba, yaani unene wa risasi. Ukitaka kichwa kipana kidogo, .35 Remington ni kipenzi cha zamani cha misitu hii, ingawa risasi zake sasa ni za kuwinda zenyewe madukani.

Sasa .45-70. Ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873: kipenyo kama asilimia 45 za inchi, na greni 70 za baruti nyeusi. Ina heshima yake, sikatai. Lakini mnunuzi mgeni haambiwi kwamba chini ya jina hilo moja kuna risasi za nguvu tofauti kabisa. Zipo laini, zilizotengenezwa kwa kuzihurumia bunduki za karne ya 19 ambazo chuma chake hakihimili shinikizo kubwa. Zipo pia kali, za bunduki za kisasa kama Marlin 1895 zinazotengenezwa siku hizi. Ukitia kali kwenye bunduki ya babu, unaweza kuipasua mbele ya uso wako. Ukitumia laini, umepata kichwa kizito cha greni 405 kinachokwenda kama mita 400 tu kwa sekunde. Sawazisha shabaha yake yadi 100, na ukifyatua yadi 200 kitakuwa kimeshuka zaidi ya nusu mita. Kwa mtu aliyejifunza kukadiria umbali majuzi, hiyo ni njia ya kumvunja mnyama mguu.

Ile kali haishuki sana, ila ina teke. Bunduki hizi ni nyepesi, na wepesi ule unaoufurahia ukitembea unaulipia begani. Nimewaona vijana wenye miili mikubwa kuliko wangu wakifyatua mara tatu, na ya nne wanafumba macho kabla ya mlio. Akishafikia hapo, mtu haendi tena kufanya mazoezi, anaiweka bunduki mpaka Novemba. Mnyama hufa kwa kupigwa moyo au mapafu. Kaliba kubwa haifidii shabaha mbaya, na anayekwambia inafidia hajawahi kufuata damu gizani akiwa na tochi.

Kuna jambo jingine linalobana uchaguzi kwenye bunduki hizi, nalo halionekani kwa nje. Winchester 1894 na ndugu zake hubeba risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zikiwa zimepangwa moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile iliyo mbele. Kitakoni ndiko kwenye fataki, kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa. Weka vichwa vyenye ncha kali humo, kisha bunduki ipate mshtuko wa teke, na ncha inaweza kuipiga fataki ya risasi ya mbele ikalipuka ndani ya bomba, chini kabisa ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana risasi za .30-30 na .45-70 zimekuwa na ncha bapa tangu zamani, na ncha bapa huzuiwa na hewa, ikipoteza kasi haraka. Baadaye Hornady, kampuni ya risasi, wakaleta vichwa vyenye ncha laini ya plastiki inayobonyea, vikasaidia kiasi. Kwa .30-30 navipenda. Havikuigeuza kuwa bunduki ya mita 300.

Hapo ndipo swali la musi linapoingia. Musi ni yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, dume lake likizidi kilo 400, na kibali chake Maine hupatikana kwa bahati nasibu. Watu husikia uzito huo wakadhani lazima .45-70. Lakini wengi hawapigwi msituni ndani. Wanapigwa kaskazini, kwenye maeneo makubwa yaliyokatwa miti na kampuni za mbao, na mnyama anaweza kuwa mita 200 upande wa pili wa uwazi. Kwa hiyo kama umeipata bahati hiyo na bado unataka wenzo, chukua Browning BLR. Hiyo ina magazini ya kisanduku badala ya bomba, kwa hiyo vichwa vyenye ncha kali vinaruhusiwa, na inatengenezwa kwa risasi za .308 na hata .30-06. Kichwa cha greni 180 kilichoundwa vizuri kinampita musi mbavu hadi mbavu, na .308 haikuumizi kiasi cha kuikimbia. Haina sura ya kikauboi kamili, najua. Musi hajali.

Sitaki kuionea .45-70. Kwa dubu mweusi anayesubiriwa kwenye chambo, umbali wa mita kumi na kitu hadi thelathini, kwenye kichaka, ni chaguo zuri sana. Huko Alaska watu huibeba kujilinda na dubu wa kahawia, na wana haki.

Kuna hoja nyingine inayoniudhi: "Mbona Roosevelt aliua simba kwetu kwa bunduki ya wenzo?" Kweli. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda reli mpaka Kapiti, na Winchester 1895 ya kaliba .405 ndiyo aliyoiamini kwa simba. Lakini hakuja na hiyo tu. Alikuwa na bunduki nzito ya Holland & Holland ya mitutu miwili, na mbele ya tembo na faru aliitegemea hiyo. Hata yeye, aliyeipenda Winchester kuliko watu wengi, alijua mpaka wake. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa anayeota kwenda kuwinda nyati kusini mwa Tanzania siku moja, kipimo cha kuanzia kinachozoeleka kwa wanyama hao ni .375 H&H. Wenzo wako uache Maine.

Basi, kwa ndugu anayeanza mwaka huu: Marlin 336 iliyotumika, .30-30, bila darubini kubwa ya kuiharibia uzani. Vilengeo vya tundu vinatosha. Nyama ikiwa ndiyo nia, tafuta vichwa vya shaba tupu, maana vya madini laini ya risasi (lead) humwaga vipande vidogo ndani ya bega la mnyama, na ni watoto watakaokula. Waislamu wenzangu, bismillahi kabla ya kufyatua na kisu kiwe karibu. Kozi ya usalama uifanye mapema, kofia na fulana za rangi ya chungwa uzivae, na Jumapili ukae nyumbani kwa sababu sheria ya Maine hairuhusu kuwinda siku hiyo.

Na ukirudi kwenye gari, bunduki iwe tupu. Kwenye nyingi za hizi za zamani, bomba hutolewa risasi kwa kuzipitisha chemba moja baada ya nyingine, kwa hiyo ziondoe ukiwa bado umesimama nje, mtutu umeelekea chini, kidole mbali na kifyatulio. Wenzo ukishaacha kutoa kitu, ufungue mara moja zaidi, tia kidole chembani, kisha tazama bombani kama kuna iliyokwama.