Warsha za fikra za kikompyuta kwa mainjinia: kuna kitu, au ni projekta na posho tu?

Kila ikitangazwa warsha ya utafiti ya kuwaweka mtu wa sivili, wa umeme, wa mekanika na wa kompyuta chumba kimoja ili wajifunze kufikiri kikompyuta, watu wanagawanyika hapohapo. Wengine wanasema hiyo ndo njia, wengine wanasema ni projekta, chai ya saa nne na posho. Mi naona wote wana pointi, na kuna kitu kimoja kwenye historia ya uinjinia kinachowapa haki wote wawili.

Mjadala ulipamba moto 2006, profesa wa kompyuta Jeannette Wing alipoandika kwamba kufikiri kama mtu wa sayansi ya kompyuta, yani unalivunja tatizo kubwa vipandevipande, unaacha yasiyo ya lazima, unapanga hatua ambazo hata mashine itazifuata, ni ujuzi wa kila mtu kama kusoma na kuandika. 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likaitisha warsha kuhusu jambo hilohilo, na ripoti ya 2010 ikatoka bila tafsiri moja waliyokubaliana. Peter Denning, naye mtu wa kompyuta kabisa, ameandika zaidi ya mara moja kwamba wapiga debe wa hii kitu wanaahidi kupita kiasi.

Sasa cheki mahesabu ya elementi finiti, yale ambayo leo injinia wa majengo anabonyeza tu kwenye programu rangi zinatokea. 1952 Ray Clough, mwalimu wa sivili pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alienda kampuni ya ndege ya Boeing kufanya kazi wakati wa likizo ya kiangazi, akakutana na shida ya mitikisiko ya bawa la ndege. Dawa ikawa kulikatakata bawa kimahesabu kuwa vipande vidogo, unakokotoa kimoja kimoja halafu unaviunganisha. Kazi ikachapishwa 1956, jina akalitoa Clough mwenyewe 1960, na baadaye njia ya watu wa ndege ikawa inapima mabwawa ya zege. Kama huo sio ushirikiano wa fani basi sijui ni nini, ila angalia vizuri, hakualikwa kusikiliza mada, alienda kubeba tatizo la watu wengine.

Halafu njoo Norwe, 23 Agosti 1991. Kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A, vyumba 24 vimeshikana, kinazamishwa taratibu kwa majaribio kwenye fyodi, yani mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza, kitu kizima kikaenda chini, hasara ikakadiriwa kama dola milioni 700. Kosa? Njia ileile ya Clough. Pale kuta zinapokutana vipande vya modeli vilikuwa vikubwa mno na vimepinda, kompyuta ikakadiria nguvu inayoukata ukuta pungufu kwa asilimia 47, na nondo za hapo zikawekwa fupi, hazijajishika vizuri kwenye zege. Uchungu zaidi ni kwamba baada ya ajali watu walirudia mahesabu hayohayo ya elementi finiti kwa umakini zaidi wakapata ukuta ungepasuka maji yakifika mita 62, na ulipasuka kwenye 65. Umakini tu jamani!

Kwa hiyo wanaopinga wakisema mtu ataiamini skrini kuliko zege, hawaoti. Ila dawa yao ya kila mtu abaki kwenye fani yake mi siinunui, maana Sleipner haikuzama kwa kuchanganya fani, ilizama kwa sababu namba zilitoka kwenye modeli zikaenda moja kwa moja kwenye michoro ya nondo na aliyejua zege hakuuliza "hii mmeipataje?"

Mi niko upande wa warsha, kwa masharti. Siku mbili za slaidi na kujifunza kodi kidogo, hapana. Leteni mchoro mmoja wa kitu kilichofeli kweli, wa kompyuta aeleze modeli yake imeacha nini, wa sivili aipige kwa kalamu, na foromeni wa nondo awepo na yeye, apewe maiki mapema kabla maprofesa hawajamaliza muda. Posho yake iwe sawa na yao, maana hapo ndo nishaona mambo yanaharibika.