Aongee na nani?

Kila ikifika tarehe 10 Oktoba, siku ya afya ya akili, status za watu zinajaa yale mabango ya "mwanaume usikae kimya, ongea". Safari hii yamenikera mpaka nikazima simu. Bango lenyewe halina ubaya, ila aliyeliposti wa kwanza kwenye grupu letu la mtaa ni yuleyule ambaye wiki chache nyuma alituma voisi anacheka, anachekea kijana wetu mmoja shoga, mpambaji wa harusi, kukimbizwa hospitali usiku kwa kujaribu kujiua. "Ndo mwisho wao hao," anasema, na watu wazima wenye wajukuu wakagonga vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Mi nakodisha viti na masufuria hapa Ngamiani, Tanga, kwahiyo yule kijana nilimjua kwa kazi yake kabla ya maneno ya watu. Anafunga vitambaa vya jukwaa pini ziko mdomoni na bado anaelekeza bi harusi akae wapi taa isimuumbue, na mama zetu wote wanamwita mwanangu, mwanangu, mpaka shughuli iishe. Ikiisha, jina linabadilika. Unafiki huo tunaujua wote pwani hii, tuuache.

Kinachoniuma ni hiki. Malaria wanakutoboa kidole, hata ukinyamaza itaonekana. Sonona haipimwi hivyo, lazima mdomo ufunguke: hulali kwa nini, unaogopa nini, nani kakuacha. Sasa huyu ajibu nini? Akisema ukweli kajitolea ushahidi mwenyewe, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, jela miaka 30 mpaka maisha. Na hicho kilichomleta hospitali, kujaribu kujiua, nacho ni kosa, kifungu cha 217. Yaani mtu kalala kitandani na dripu mkononi tayari ana kesi mbili! Basi waliompeleka wakasema kala chakula kibaya, akatibiwa tumbo, asubuhi karudi nyumbani na vidonge vya tumbo. Tumbo lilikuwa zima jamani.

Haya, mtaniambia sheria inahukumu tendo, haihukumu moyo wa mtu. Ni kweli. Kamwelezeni hivyo mtu anayekumbuka 2018, mkuu wa mkoa wa Dar wakati ule, Paul Makonda, alivyowaambia wananchi wapeleke majina ya mashoga. Serikali ilisema baadae ule ni msimamo wake binafsi, lakini hofu haisomi taarifa ya wizara, huku Tanga watu walibadilisha namba za simu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 2017, wizara ya afya ilishafunga vituo 40 vya huduma za ukimwi ambako walau mtu alikuwa anaweza kufungua mdomo bila kutolewa macho.

Nesi mmoja usiku ule alielewa, lazima niseme. Alivuta pazia akamwambia, "Mwanangu ukitaka kusema sema, mie siandiki." Mungu amlipe. Lakini ndo tuendeshe afya ya akili ya nchi nzima kwa kutegemea nesi asiyeandika?

Nyumbani nako dawa ni mbili, asomewe jini mahaba au aozeshwe atatulia. Shirika la Afya Duniani lililitoa jambo hili la kupenda wa jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa tangu 17 Mei 1990, sie bado tunalifukizia ubani. Na akiozeshwa wanaumwa wawili, yeye na binti wa watu. Wale wanaopenda kote kote ndo kabisa, wana mke na watoto, huku hawaaminiki na kule hawasemi.

Halafu utasikia "hao wana roho ngumu". Ngumu wapi! Nimeona kilichomshika yule kijana: wenzake. Wana mchezo wao wa hela, aliposhindwa kutoa hakudaiwa, wakapokezana kulala kwake. Nilipopita kumwona mmoja alikuwa anamtupia furushi la shanga, "Haya tunga, harusi ya Mabokweni Jumamosi, usitucheleweshe." Hakuna aliyemuuliza kitu, na akatunga. Si madaktari wale, tena kuna siku walimnywesha pombe eti asahau, niligomba sana. Ila wako peke yao.

Mi sijaja kubishana dini na mtu. Nianze na dogo tu, hiyo 217. Haimhusu shoga peke yake, inamhusu mwanao aliyefeli mtihani, inamhusu dada aliyeachwa. Ukivuka mpaka wa Horohoro hapo, Mahakama Kuu ya Kenya Januari 2025 ilishasema kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Sie tunasubiri nini? Mbunge akija mtaani ntamuuliza mbele za watu, na hawezi kunifukuza, viti vya mkutano vinatoka kwangu.