Damu nzito haina sauti: kusoma majibu ya vipimo kwa anayetumia testosteroni

Mwanamume amechomwa testosteroni, homoni ya kiume, kwa miezi minane. Nguvu zimerudi, hamu ya tendo la ndoa imerudi, mchana hasinzii tena kazini. Anapeleka majibu ya vipimo kwa daktari akiwa na furaha. Daktari anaipita homoni haraka, anasimama kwenye mstari mwingine kabisa, kisha anasema sindano ijayo isubiri. Ugomvi huanzia hapo. Mgonjwa anaona kanyang'anywa dawa inayomfaa kwa sababu ya karatasi, na daktari anaonekana anatibu tarakimu huku mtu amekaa mbele yake.

Mgonjwa ana hoja. Kiwango cha kawaida cha testosteroni kilichooanishwa mwaka 2017 kutokana na tafiti za Marekani na Ulaya, kwa vijana wenye afya wasio wanene, ni nanogramu 264 hadi 916 kwa desilita. Ndani ya pengo pana namna hiyo, wawili wenye namba moja wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya homoni hutembea imeshikwa na protini iitwayo SHBG, ambayo hupanda kwa umri, kwa maradhi ya ini na kwa VVU, na hushuka kwa unene na kisukari. Hata mwongozo wa 2018 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni chenye makao yake Marekani, haukubali mtu aitwe mgonjwa kwa namba peke yake. Lazima dalili ziwepo, na vipimo vya asubuhi virudiwe.

Zaidi ya hapo, namba ya testosteroni isiyo na tarehe ya sindano haisomeki. Aliyechomwa enanthate, aina mojawapo ya sindano ya testosteroni, Jumatatu akipimwa Jumatano atakutwa kileleni. Akipimwa siku moja kabla ya sindano inayofuata atakutwa bondeni. Ndiyo maana mwongozo unataka damu itolewe katikati ya sindano mbili, isipokuwa kwa undecanoate, aina nyingine ya muda mrefu, ambayo hupimwa karibu na sindano inayofuata. Wapo wanaopunguziwa dozi kwa sababu walipimwa siku ya kilele na hakuna aliyewauliza walichomwa lini. Mgonjwa wa namna hiyo akikasirika ana haki.

Lakini daktari yule hakusimama kwenye testosteroni. Alisimama kwenye hematokriti, tarakimu iliyojificha ndani ya kipimo ambacho maabara za Tanzania huandika FBP (Full Blood Picture, yaani picha kamili ya damu), kipimo cha bei nafuu ambacho wengi hawajui hata kwa nini kimeandikwa. Hapa naona daktari haeleweki, na anastahili kusikilizwa kwa makini.

Hematokriti ni sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Damu ikizungushwa kwa kasi ndani ya kijibomba, chembe nyekundu huzama na maji ya manjano hubaki juu. Ikiwa chembe zimejaza karibu nusu ya kijibomba, hematokriti ni karibu asilimia 50. Testosteroni huupandisha mstari huo. Hupunguza hepsidini, homoni ya ini inayobana madini ya chuma, na huusukuma uboho utengeneze chembe zaidi. Sindano hufanya hivyo kuliko jeli ya kupaka, hasa dozi kubwa zinazopeana nafasi ya wiki mbili au tatu. Chembe nyekundu huishi takriban miezi minne, kwa hiyo damu hujaa polepole, mwezi baada ya mwezi, wakati uleule ambao mtu anajisikia vizuri kuliko miaka yote iliyopita. Ukimuuliza hali, atakujibu kwa dhati kwamba hajambo. Jibu lake ni la kweli, ila halisemi lolote kuhusu damu yake.

Mwongozo unasema ikivuka asilimia 54, dawa isimame mpaka ishuke. Wanaopinga huuliza 54 ilitoka wapi, na swali lao ni zuri. Ni makubaliano ya wataalamu. Haikutokana na jaribio lililowagawa watumiaji wa testosteroni kwa kiwango cha hematokriti. Wanaopinga huongeza kwamba watu wa milimani huishi na damu nzito, na kwamba utafiti wa TRAVERSE uliochapishwa 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,200 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, ulikuta mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 7.0 ya waliopewa testosteroni na 7.3 ya waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na homoni. Kwa hiyo, wanasema, hofu imezidi.

Mimi nausoma utafiti huohuo kwa namna nyingine. Waliotumia testosteroni walipata donge la damu kwenye mapafu kwa asilimia 0.9, wenzao 0.5. Ni idadi ndogo, lakini donge la mapafuni linaweza kuua mchana mmoja. Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba wanaume wale walitumia jeli, na dozi zao zilirekebishwa kwa kufuata vipimo vya damu, hematokriti ikiwemo. Usalama uliopatikana ulipatikana chini ya jicho la maabara. Kuuchukua kama ushahidi kwamba maabara haina haja ni kukata tawi ulilokalia.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya mwinuko. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Tanga iko ufukweni. Mwili wa mkazi wa nyanda za juu hutengeneza chembe nyekundu zaidi kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mwongozo unalikiri hilo mwanzoni: haushauri kuanza testosteroni hematokriti ikizidi asilimia 48, ila kwa mkazi wa nyanda za juu 50. Kinachotupasa kujua ni kila mmoja alianzia wapi. Mtu wa Tanga aliyeanza na 40, labda kwa upungufu wa damu ambao hakuujua, akifika 50, maabara haitaweka alama yoyote kwenye karatasi yake, ingawa damu yake imepanda kwa robo nzima. Ndiyo maana kipimo cha kabla ya sindano ya kwanza ni cha thamani kuliko vyote vinavyofuata. Anayejianzishia dawa mtaani huwa ameshakipoteza.

Tena kuna maji. Wengi wakiambiwa waje na njaa, huja na kiu pia. Mwili ukikauka, hematokriti hupanda bila chembe moja kuongezeka. Mtu wa Dar es Salaam aliyefunga Ramadhani akatolewa damu alasiri anaweza kusomeka na damu nzito kuliko aliyo nayo. Hapo mgonjwa anayedai kipimo kirudiwe yuko sahihi, na daktari mwema atakirudia.

Wako pia wanaokwenda kutoa damu kila hematokriti ikipanda, kisha wanaendelea na dozi ileile. Namba hushuka kweli. Lakini uboho bado unasukumwa, na akiba ya chuma inamwagika kila chupa inapojaa, mpaka mtu anarudi na uchovu uliomfanya atafute testosteroni tangu mwanzo. Kipimo cha feritini, kinachopima akiba ya chuma, kingeonyesha, lakini mara nyingi hakiombwi.

Kwa yule mwanamume wa mwanzo, kama namba yake ni 55, ningetaka anywe maji ya kutosha na kipimo kirudiwe asubuhi, siku chache baadaye. Ikibaki juu, sindano isimame mpaka ishuke, kisha irudi kwa dozi ndogo zaidi, au aingie kwenye jeli. Na kabla hajatoka chumbani aulizwe kama anavuta sigara, na mkewe aulizwe kama mumewe hukoroma kisha akanyamaza ghafla kama aliyekatika pumzi, kwa maana kukosa hewa usingizini nako hupandisha chembe nyekundu, na sindano haitakuwa na kosa peke yake.