Kumwaga oili ya gari mwenyewe nyumbani, kiukweli unaokoa shingapi?

Shemeji yangu kanunua Toyota IST mwezi uliopita, gari yake ya kwanza, na juzi kanipigia anataka nimfundishe kumwaga oili mwenyewe, yani kutoa ya zamani na kuweka mpya, uani kwake maana anasema gereji wanammaliza. Mimi hii kazi naifanya mwenyewe huu mwaka wa sita, ila sikumjibu ndio wala hapana palepale, kwa sababu hesabu aliyopiga yeye ni ya ufundi tu, na hela ya ufundi ndo ndogo kuliko zote kwenye hii habari.

Tuanze nayo hiyohiyo. Hapa Dar kwa gari ndogo gereji ninazozijua zinatoza ufundi 10,000 mpaka 15,000, na kuna gereji ukinunua oili kwao hawakutozi kabisa. Chukua hiyo 15,000, sevisi tatu kwa mwaka ni 45,000. Sasa kuingia chini ya gari salama kuna vitu lazima uwe navyo. Stendi mbili, vile vyuma vya kuegemezea gari ikishanyanyuliwa na jeki, nilinunua Kariakoo 65,000, spana ya kufungulia filta ya oili, beseni, faneli na glavu vikala nyingine 25,000, na hapo jeki kubwa naazima kwa jirani mpaka leo. Yani miaka miwili inapita ndo unarudisha hela yako, baada ya hapo ndo unaanza kuhesabu faida ya 45,000 kwa mwaka.

Na stendi sio za kuruka. Ile jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, haijatengenezwa mtu alale chini yake, na tofali la bloku linapasuka ghafla bila kutoa dalili yoyote. Nimemuona mtu kaweka bloku mbili juu ya mchanga halafu kaingiza kichwa chini, nilimvuta mguu atoke na sikujali kama tunajuana au hatujuani. Kama huna stendi na huna sehemu ngumu iliyosakafiwa, kwangu mimi mjadala unaishia hapo, peleka gereji.

Sasa mtu atauliza, kama hela yenyewe ni ndogo hivyo wewe unahangaika nini?

Mimi kilichoniingiza ni filta. Kaka yangu alinizoesha kuandika tarehe kwenye filta mpya kwa maka peni, nikawa naandika tu kama mazoea. Kuna sevisi moja nikalipia oili na filta, nikaenda zangu dukani kununua maji, narudi naambiwa tayari. Miezi kama minne baadae naangalia chini kwa sababu nyingine kabisa, nakuta filta imefutwa vizuri inang'aa, ila upande wa juu kule ambako kitambaa hakikufika ipo tarehe yangu, mwandiko wangu mwenyewe, wa sevisi ya nyuma yake. Oili mpya ilikuwa inapita kwenye filta ya zamani kilomita zote zile na mimi nimelipia mpya. Siwezi kusema mafundi wote wako hivyo, fundi wangu wa sasa namuamini sana, lakini tangu siku ile nikasema kitu kinachoingia kwenye injini yangu nataka nikione kwa macho.

Hapo ndipo kufanya mwenyewe kunalipa. Injini ya IST, iwe ya 1.3 au 1.5, inataka lita 3.7 ukibadilisha na filta. Dumu la lita 4 linabakiza kidogo, na hicho kidogo nyumbani ni chako, unaongezea baadae stiki ya kupimia oili ikionyesha imeshuka. Gereji mara nyingi linamiminwa lote, au inayobaki inabaki hukohuko. Pia unajua umefungua sili mwenyewe, maana madumu matupu yenye lebo nzuri yana soko, na mtu anayenunua dumu tupu la oili hanunui kwa ajili ya kuwekea maji ya kunywa. Mimi nikimaliza natoboa dumu kwa msumari na kuchana lebo kabla sijatupa.

Ila hela kubwa kuliko zote iko kwenye aina ya oili na kilomita, na hii shemeji hakuigusa kabisa. Gereji nyingi ukiingia na gari ndogo utawekewa oili nzito, 20W-50 au ile ya namba 40 tupu, na utaandikiwa urudi baada ya kilomita 3,000. Ukiuliza utaambiwa nchi yetu ya joto, oili nyepesi itakuwa maji. Ukweli uliopo humo ni kwamba injini iliyochoka, inayokula oili, nzito inasaidia kidogo. Lakini IST yenye injini nzima imependekezewa 5W-30, na kuna sababu. Namba ya mwisho ndo uzito wa oili ikiwa nyuzi 100, yani injini ikiwa kwenye kazi, na injini ikishapata moto inajitunza kwenye joto lake, iwe Dar iwe Tokyo. Namba ya kwanza yenye W ni jinsi inavyotembea ikiwa ya baridi, na hata asubuhi ya Dar yenye nyuzi 25 kwa injini ni baridi, oili nzito inachelewa kupanda juu na hizo sekunde za mwanzo ndo chuma kinasagana. Alafu VVT-i, ule mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba sana, na ina kichujio chake kidogo, ukiweka oili nzito au chafu ndo unaanza kusikia gari haina nguvu.

Piga hesabu ya mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Akiweka ya bei rahisi ya 45,000, filta 10,000 na ufundi 15,000, sevisi moja ni 70,000, na kwa kila kilomita 3,000 anamwaga mara tano, jumla 350,000. Akiweka 5W-30 nzuri ya 70,000, sevisi moja inakuwa 95,000, anamwaga kila 5,000, mara tatu, jumla 285,000. Kaokoa 65,000 na hajashika spana, zaidi ya ile 45,000 ya kulala chini ya gari. Bei ni za kwangu, za kwako zinaweza kupanda au kushuka, ila mwelekeo ni huohuo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanasema kule Japani Toyota wenyewe wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa gari ya petroli isiyo na tabo, kwa hiyo hata 5,000 ni kutupa hela. Wamesoma mstari wa juu tu. Kwa matumizi magumu wanaandika nusu yake, 7,500 au miezi 6, na matumizi magumu ndo hayahaya ya kwetu, barabara mbovu za vumbi, safari fupifupi, na injini kuunguruma gari imesimama. Mtu wa Mbagala anayekaa foleni saa moja na nusu kwenda Posta, kilomita hazisogei ila oili inapikwa muda wote. Mimi siongezi zaidi ya 5,000.

Upande wa gereji nao una haki yake, na nisipousema nitakuwa namdanganya shemeji. Kwanza fundi akiwa kwenye shimo la chini ya gari haoni oili tu, anaona buti ya drafshafti, ile raba inayofunika jointi, imechanika, anaona breki pedi zimebaki nyembamba, anaona jasho la oili kwenye sili ya krenki. Mwaka juzi fundi wangu aliona buti imepasuka nilipopeleka gari kwa shida nyingine, na mimi nilikuwa nimelala chini ya gari hiyohiyo wiki tatu nyuma nikatoka bila kuona chochote. Pili ni ujirani. Yule unayempa 15,000 mara tatu kwa mwaka ndo unampigia saa nne usiku umekwama Chalinze na anapokea.

Na makosa ya nyumbani yanauma. Raba ya filta ya zamani inaweza kubaki imeng'ang'ania kwenye injini, ukafunga filta mpya juu yake, raba mbili, ukiwasha presha inazisukuma na oili yote inamwagika ndani ya dakika chache, usipoiona taa nyekundu ya oili umenoki injini. Nati ya sampo, yani ya lile bakuli la oili chini ya injini, ile ya spana namba 14, ukiikaza kwa hasira nyuzi zinaliwa, na sampo mpya inakula akiba ya miaka.

Halafu kuna oili chafu, na hapa ndo naongea kwa uchungu. Nakaa Kigamboni, kisima chetu kiko hatua kama kumi na mbili kutoka napopaki, nimezihesabu, na ardhi yetu ni mchanga mtupu, ukimwaga ndoo ya maji hapo haikai hata kidimbwi. Oili iliyotumika ina vumbi la vyuma na masizi ya petroli, ni taka hatarishi, na hata kwenye ngozi haifai ndo maana glavu. Kuna jirani alikuwa anaimwaga nyuma ya choo, anasema inaua mchwa. Inaua kweli, ila haikai palepale, inashuka, na kule chini ndiko tunakochota maji ya kupikia watoto. Gereji oili chafu ina pipa lake na ina wanunuzi. Nyumbani haina mwenyewe. Mimi nina dumu la lita 10 lenye mfuniko wa kukaza, likijaa napeleka kwa fundi wangu analimimina kwenye pipa. Mtu ambaye hana pa kuipeleka asimwage oili nyumbani, hata kama ana stendi na spana zote.

Nikampigia shemeji jana usiku. Anakaa nyumba ya kupanga, uani mchanga, wapangaji wanne wanatumia kisima kimoja. Nikamwambia kwa sasa asinunue stendi, anunue oili. Jumamosi tunaenda wote duka ninalolijua, tunachukua 5W-30 na filta, tunapeleka kwa fundi wangu mwenye shimo, sili anaifungua shemeji mwenyewe, filta anaandika tarehe kwa mkono wake, anasimama pale mpaka nati ikazwe. Dukani kununua maji nitaenda mimi.